Supu ya Kuongeza Damu

Bonde la Kou, Gansu
20 Oktoba

Mjukuu wangu Yating,

Salamu zako nimezipata, zangu hizi hapa, hatudaiani. Mimi mzima. Goti la kushoto linauma kama kawaida yake, la kulia nalo limeanza kumwiga mwenzake. Baba yako mdogo mzima, ila uvivu wake haujapata dawa. Mama Shiquan wa dukani amemwoza binti yake. Karamu ilikuwa na nyama nyingi na chumvi kidogo, watu wakala wakanyamaza. Simu usinipigie tena. Inanizomea sikioni, sisikii ila upepo. Nilienda kisomo cha watu wazima nikiwa na mtoto mgongoni ili niweze kuandika barua, leo nimempata wa kumwandikia halafu yeye anipigie simu.

Haya. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani macho yangu ndiyo mabovu. Unasema umepata kazi huko Chengdu, katika jiko linalopika chakula cha mbwa na paka. Tulikusomesha mpaka chuo kikuu, nyumba nzima ikala viazi, ili ukawapikie mbwa. Na haitoshi kuwapikia, unataka huangqi yangu uwatilie humo. Mzizi ambao mama yangu alikuwa akimchemshia mzazi aliyetoka kujifungua. Mbwa wa huku wanakula ukoko na makombo, na wanabweka vizuri tu.

Gunia nimekutumia. Usidhani nimekubali. Nimelituma usije ukanunua takataka za mjini ukazisingizia bonde letu. Tumeanza kuchimba, ardhi bado haijaganda, na huo ni mzizi uliokaa shambani mpaka ukakomaa, si ule wa wenye haraka. Sikiliza namna ya kuuchagua, maana najua chuoni hawakukufundisha. Ukate kwa kuukingamisha. Katikati uwe wa njano, pembeni mweupe, na mistari itawanyike kama ua lililochanua. Halafu utafune. Ukipata ladha ya maharage mabichi, ndio wenyewe. Ukiwa mweupe kama karatasi na unakuwasha puani, huo umefukizwa moshi wa salfa ili upendeze sokoni. Mpe adui yako.

Kuna jambo jingine. Si swali, nasema tu. Chui amezeeka. Yule mbwa aliyekuwa akikusindikiza mpaka barabara kuu na kuligombeza basi, siku hizi mbuzi wa jirani wanaingia uani wanakula kabichi mbele yake, naye anawatazama kama mgeni wao. Baba yako mdogo anasema mwenye gari la kununua mbwa wa kuchinja atapita kabla ya Mwaka Mpya. Mimi sijamjibu.

Vaa soksi.

Bibi yako,
Bao Suqin


Chengdu
8 Novemba

Shikamoo Bibi,

Soksi nimevaa. Huku hakuna baridi kama ya kwetu, kuna ukungu tu, nguo zinakaa kambani hadi zinaanza kunuka. Nakula vizuri. Mchumba sina, na nakujibu kabla hujauliza ili tusipoteze karatasi.

Gunia limefika. Bibi, laiti ungekuwapo. Mkuu wetu anaitwa Daktari Mu, mama wa makamo, ametibu wanyama maisha yake yote na hasifii kitu ovyo. Alitoa mzizi mmoja, akaukata kwa kuukingamisha, akautafuna, akafumba macho. Kisha akawaita wote waliokuwa jikoni.

"Njooni muonje. Mnaijua hii?"

"Maharage," akasema mmoja.

"Haya ndiyo niliyokuwa nikiwaambia mkadhani natunga hadithi. Nani amelima?"

Nikasema, "Bibi yangu."

"Mwandikie bibi yako kwamba mikono yake inajua kazi."

Nimekuandikia.

Unauliza kwa nini tuwapikie mbwa. Hukuuliza, ulifoka, lakini nitakujibu. Wengi wanaokuja kwetu ni wazee wanaoishi peke yao, na aliyebaki wa kuwasubiri mlangoni ni mbwa au paka aliyechoka kama wao. Tunachemsha kuku na viazi vikuu, tunatia huangqi kidogo. Kwa paka tunatia kidogo zaidi, na bado paka wananusa na kuondoka kama mnunuzi aliyetajiwa bei mbaya. Hatusemi kwamba tunaponya. Daktari Mu anasema chakula kizuri na mzizi mzuri vinamsaidia mzee kusimama, basi. Lakini nimeona mbwa aliyeletwa amebebwa akirudi nyumbani kwa miguu yake.

Kwa hiyo kuhusu Chui, kwa vile si swali, na hili si jibu: chemsha kuku mpaka alainike, viazi vikuu kidogo, na kipande cha huangqi cha urefu wa pingili ya kidole. Toa mifupa na mzizi, acha ipoe, mpe. Usitie chumvi wala pilipili. Usitie kitu kingine chochote.

Na Bibi, yule mwenye gari asimchukue.

Mjukuu wako,
Yating


Bonde la Kou
29 Novemba

Mjukuu wangu,

Tuko wazima, theluji ya kwanza imeanguka na mabomba yameganda. Nguruwe wawili wamenenepa. Mama Shiquan anakusalimu, anasema umwambie Chengdu wanauzaje viatu, sijui anataka kwenda wapi. Huyo daktari wako ana akili. Mwambie mikono inajua kazi na mgongo unajua malipo.

Sikumpikia mbwa. Nilichinja kuku wa kula mwenyewe, akabaki. Wa pili naye akabaki.

Chui alilamba bakuli mpaka likasafiri ua mzima likaenda kugonga mlango wa zizi. Asubuhi chache zilizofuata aliamka, mbuzi wa jirani wakaona ajabu, mmoja akaruka ukuta akaacha manyoya. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Basi nikaona nimwongezee lile msilolijua huko mjini. Nilitia danggui, ule mzizi wa wazazi. Huangqi mafungu matano, danggui fungu moja, ndiyo supu ya kuongeza damu, na hakuna mwanamke wa bonde hili ambaye hajainywa. Wewe mwenyewe umetoka kwenye supu hiyo, mama yako alipokuzaa alibaki mweupe kama mshumaa, mimi ndiye niliyemrudisha.

Sasa niambie. Kadiri ninavyompa ndivyo anavyorudi chini. Ufizi wake umekuwa mweupe kama tofu. Akienda mlangoni anahema kama aliyepanda mlima. Supu anakunywa, lakini naona anakunywa kwa kunistahi.

Baba yako mdogo alianza maneno.

"Mama, mpe yule mwenye gari. Mbwa akifa mwenyewe hana faida."

"Na wewe ukifa mwenyewe utakuwa na faida gani?"

"Mimi nakutania tu, Mama."

"Mimi sikutanii."

Akaenda kulisha nguruwe, siku hiyo bila kutumwa.

Niliwapa mizizi yangu mizuri kwa moyo mweupe. Kama haya mapishi yenu ya kisomi ndiyo yanayommaliza, sema wazi. Sitakupiga, uko mbali.

Bibi yako


Chengdu
10 Desemba

Shikamoo Bibi,

Nitaruka habari za hali ya hewa, unisamehe.

Acha danggui leo hii. Daktari Mu anasema yeye hampi mbwa mgonjwa mzizi huo bila kumwona. Lakini anasema pia kwamba hadhani danggui peke yake inaweza kufanya hivyo, na hilo ndilo linalomsumbua. Ufizi mweupe maana yake damu inapotea, na haimwagiki nje. Mpeleke Chui kwa daktari wa mifugo wa wilayani. Mwombe baba mdogo amfunge kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, na umfunike.

Halafu niandikie kila kitu kinachoingia katika chungu kile. Kila kitu, Bibi. Hata maji, niambie yametoka wapi. Nakuomba usikasirike.

Habari za kazi usiniulize safari hii.

Yating


Bonde la Kou
23 Desemba

Yating,

Nimekasirika.

Salamu utazipata mwisho wa barua kama nitakuwa nimepoa.

Unataka nikuhesabie chungu changu. Haya, hesabu. Kuku, wa kwangu, amekula mahindi ya kwangu. Maji, ya kisima kile kile ulichonywea wewe hadi ukaota meno. Viazi vikuu, vimemenywa. Huangqi, ile ile iliyomfumba macho daktari wako. Danggui nimeacha kama ulivyoamuru, bibi mkubwa. Chumvi hapana, pilipili hapana. Basi, hakuna kingine. Nilijifunza kupika mbele ya mama mkwe aliyekuwa akinihesabia punje za mtama. Sifundishwi chungu na mtu niliyemfuta kamasi.

Kwa daktari wa wilayani tulienda. Yule ni wa nguruwe na ng'ombe. Alimtazama Chui kama mtu aliyeletewa kiatu kimoja, akamchoma sindano, akasema ni uzee. Uzee naujua, ninao nyumbani. Uzee haumfanyi mbwa akojoe mkojo wa rangi ya chai kavu juu ya theluji. Nimeongeza supu, asubuhi na jioni, kuku mzima kwa siku mbili. Kama damu inapotea, mimi nitairudisha kwa kijiko mpaka nione nani atachoka.

Baba yako mdogo amekwenda Xinjiang kutafuta kibarua. Lile gari la kununua mbwa lilipita Jumanne. Nilisimama mlangoni nimeshika koleo la theluji. Halikupunguza mwendo.

Kuhusu kazi yako hujaandika neno. Mimi nimesoma kidogo, lakini mahali pasipoandikwa nasoma vizuri kuliko wewe. Una jambo.

Salamu.

Bibi


Chengdu
4 Januari

Bibi yangu, shikamoo,

Barua hii itakukuta baada ya ujumbe wa Mama Shiquan, lakini naiandika ili uelewe.

Nilipopata barua yako ya chai kavu nilimwomba Daktari Mu niipike supu yako jikoni kwetu, kama ulivyonifundisha nilipokuwa nikisimama juu ya kigoda chako, ili tuipeleke ikapimwe. Nikamkata kuku. Nikapima maji. Daktari Mu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Yating, unafanya nini?"

"Napika supu ya Bibi."

"Mkononi una nini?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeshika vitunguu majani, nusu nimeshavikata, na vilivyokatwa vilikuwa tayari chunguni na tangawizi yake. Vilikuwa vya mpishi wetu wa chakula cha mchana, kwenye kikapu chake. Sikumbuki kuvichukua, Bibi. Mkono ulikwenda wenyewe. Kuku akiingia chunguni, vitunguu majani vinamfuata kuondoa shombo, na hakuna anayevitaja, kama vile hakuna anayetaja kwamba alifungua mdomo kabla ya kula.

Nikauliza, "Je, na Bibi?"

Daktari Mu aliweka kikombe chini. "Amekuandikia kwamba hatii kitu kingine. Hakusema uongo. Kwake hicho si kitu."

Kitunguu cha aina yoyote, kibichi au kilichopikwa, kinavunja damu ya mbwa, na ya paka ndiyo zaidi. Inavunjika humo humo ndani na kutoka na mkojo, ndiyo ile rangi. Huangqi haikumdhuru. Vitunguu vilikuwa vikibomoa damu kila siku, nawe ukiona amezidi kuwa mweupe, ukazidisha bakuli.

Nilimpigia Mama Shiquan pale pale. Alikimbia kwako na aproni yake. Aliporudi kwenye simu akasema, "Nimemwambia neno kwa neno. Amecheka. Amesema amekula vitunguu majani tangu miaka ya njaa na damu yake bado inachemka. Kisha amenifungia mlango."

Kosa ni langu. Nilikuandikia "kitu kingine chochote" kama mtu anayemwandikia mgeni. Nilipaswa kukitaja kwa jina. Mimi ndiye ninayelijua jiko lako.

Na ulisoma vizuri pale pasipoandikwa. Nilipopata barua yako ya Novemba nilimwonyesha Daktari Mu, naye akazuia mifuko yote yenye mzizi wako isitoke ghalani. Watu wakaanza kunong'ona, mizizi ya Gansu, mizizi ya Gansu. Nilikuwa nikipita nao wananyamaza. Sikutaka ujue kwamba jina lako linashikwashikwa hivyo. Sasa mifuko imefunguliwa, na Daktari Mu aliwakusanya akawaambia mzizi ulikuwa msafi tangu mwanzo.

Mwaka Mpya wetu wa jadi sitaweza kuja, ndio wakati wa kazi nyingi. Nipe neno moja tu kuhusu Chui. Hata likiwa baya.

Yating


Chengdu
9 Februari

Bibi,

Mwaka Mpya umepita na hujajibu. Mama Shiquan anasema moshi unatoka kwako kila siku, kwa hiyo najua uko hai na una hasira. Anasema pia kwamba tangu siku ile hakuna aliyemwona Chui uani. Bakuli lake halipo. Anasema hakuna anayethubutu kukuuliza.

Sikuulizi nami. Nimekutumia kitambaa cha goti, kinavutika, usikikate.

Nilivyokuwa mtoto nilidhani wewe ndiye uliyeiotesha milima. Sijabadilika sana.

Mjukuu wako


Bonde la Kou
2 Machi

Mjukuu wangu Yating,

Kitambaa cha goti nimepata. Kinabana, lakini nakivaa. Tuko wazima. Baba yako mdogo ametuma zabibu kavu, zimejaa mchanga, nimezila. Usiseme sikukujibu, barabara ilifungwa na theluji. Ilipofunguliwa sikuwa na nafasi.

Mama Shiquan alikuja na aproni yake na unga mpaka kwenye nyusi, akipiga kelele habari za vitunguu, watu wakitazama. Ungekuwa wewe usingecheka? Nilicheka na nikafunga mlango. Halafu nikarudi kwenye chungu.

Nilisimama pale. Vitunguu vilikuwa vinaelea juu, vya kijani, vizuri. Nikajaribu kukumbuka nilivitia saa ngapi, sikukumbuka. Nilikumbuka kuku, nilikumbuka mzizi nilivyouchagua, nilikumbuka hata kuufuta mfuniko. Vitunguu sikuvikumbuka. Ni mimi niliyekuwa nikimpa mbwa wangu kwa mkono huu, na kumsifu kila alipomaliza bakuli.

Supu niliimwaga yote nyuma ya nyumba nikaifukia, mbuzi wasije wakaonja wakapata jeuri.

Chui haonekani uani kwa sababu hayuko uani. Nilimpandisha juu ya kitanda changu cha udongo, penye moto chini yake. Ndiyo, kitandani. Babu yako hakuwahi kumruhusu hata kuvuka kizingiti, na mimi mwenyewe niliwahi kumcheka mke wa jirani Kou Fulin aliyelaza mwanakondoo pale. Ungetaka nimweleze nani? Bakuli nililiingiza ndani, watu wakafikiri nimelivunja kwa majonzi. Waache wafikiri. Nilimpa maini, nilimpa kuku aliyechemshwa kwa maji matupu, ananuka shombo mpaka nikaziba pua. Yeye hakuziba. Shombo lilikuwa tatizo langu, halikuwa lake.

Siku nyingi alilala tu, nami namfungua mdomo kila asubuhi kutazama ufizi, kama mnunuzi wa punda. Ulikuwa mweupe, ukawa mweupe, ukawa mweupe. Nilikaa bila kukuandikia kwa sababu sikuwa na la kuandika. Kisha asubuhi moja ukawa kama ua la mpichi linapoanza, ile rangi ambayo unaiona ukitazama pembeni na ukiikodolea inapotea. Sikumwambia mtu. Nilingoja. Sikukuu ya taa ilipofika alishuka kitandani mwenyewe, akajinyoosha, akaenda kukojoa kwenye theluji. Nikamfuata nikainama kutazama. Ulikuwa wa rangi ya mkojo. Sijawahi kufurahia kitu kama hicho, na nimezaa watoto wanne.

Sasa nakupa maneno mawili na usiyazoee.

La kwanza. Mimi nimepika tangu sijafika urefu wa jiko, na mkono wangu sijawahi kuuona ukifanya kazi. Wewe umeuona wako ukiwa njiani. Huyo daktari ameuliza, lakini aliyetazama ni wewe, kisha ukanifikiria mimi. Walipokuwa wakinong'ona juu ya mizizi yangu ulipita katikati yao na kinywa umefunga. Nilisema tumekusomesha ukawapikie mbwa. Naam, tumekusomesha ukawapikie mbwa. Juzi nimelirudia neno hilo dukani mbele ya watu, na hakuna aliyecheka.

La pili si sifa, ni kazi. Mwambie Daktari Mu aandike kwenye mfuko wenu. Msiandike "kitu kingine chochote", hilo ni neno la watu wa ofisini, halimshiki mtu. Taja. Kitunguu maji, kitunguu majani, kitunguu saumu, usitie, hata kidogo, hata kwa mazoea. Maana wale wazee wenu watamwaga chakula chenu kwenye bakuli, halafu watakiongezea mchuzi wa chungu chao wenyewe kwa mapenzi, na wakiulizwa wataapa kwamba hawakutia kitu. Hawatakuwa waongo. Maandishi yawe makubwa kuliko picha ya mbwa. Picha ya mbwa ya nini, mbwa wanamjua.

Mwezi wa tano nitapanda huangqi mpya kwenye kipande cha juu, pale palipokuwa na ngano. Itakomaa nikiwa mzee. Utakuja kuichimba mwenyewe, mgongo wangu hautaki tena kujua malipo.

Barua hii naipeleka posta kwa miguu, nimevaa kitambaa chako. Yule kijana wa barua anakataa kuingia kwangu, anasema safari iliyopita aliacha kipande cha suruali. Nimemwambia avae nyingine.

Bibi yako,
Bao Suqin